Kilele cha Gorogoro

Sijawahi kuchoshwa na kitu kama swali moja: "Gorogoro ya mahindi ni pesa ngapi leo?" Nimeliuliza Lwakhakha jua likinichoma utosi. Nimeliuliza Bungoma mvua ikilowesha fomu zangu. Nimeliuliza Kitale kwa watu walionijua tangu nikiwa na kamasi, nao wakanitazama kama mtu aliyesomeshwa bure. Na kila mahali jibu lilikuwa lile lile, kwa sauti ya mtu anayekujibu ili uondoke mbele ya biashara yake.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, nchi zetu jirani zilipoanza kupunguziana ushuru mipakani. Kila mtu alikuwa na maoni yake. Wakulima wa kwetu Trans-Nzoia walisema mahindi ya Uganda yatatumaliza. Watu wa Bungoma, ambao unga waliununua, walisema yaje, hata leo jioni yaje. Kisha akatokea daktari mmoja wa uchumi kutoka chuo kikuu, mtu mpole wa sweta ya kijivu, akasema maoni hayamsaidii mtu, kinachohitajika ni data. Nilimpenda kwa neno hilo. Nilikuwa nimemaliza digrii ya uchumi nikarudi nyumbani Kitale kukamua ng'ombe, na mtu yeyote aliyetaka kunilipa nitumie kichwa angenipata kwa urahisi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwezi nilizunguka masoko matatu. Lwakhakha, mtoni, ambako mahindi yalivuka kutoka Uganda juu ya baiskeli na mgongoni mwa watu. Bungoma, ambako yaliliwa. Na Kitale, ambako yetu sisi yalilimwa. Katika kila soko nilichagua wauzaji kwa utaratibu wa daktari, nikawauliza bei ya gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia ambao nusu ya Kenya hupimia nafaka. Daktari angechora mstari wa bei wa kila soko na kuona kama kufunguliwa kwa mpaka kumeishusha bei huku kwetu, na kama imeshuka, nani amenufaika na nani ameumia.

Kuhusu nani angeumia, mimi sikuhitaji mstari. Alikuwa analala chumba cha pili kutoka changu.

Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati kabla sijazaliwa, wakanunua kipande cha shamba nje ya Kitale, wakapanda mahindi, na hawakupanda kitu kingine cha maana tangu siku hiyo. Njia ya Baba ilikuwa moja. Avune mwisho wa mwaka, bei ikiwa chini. Ajaze ghala. Asubiri mpaka mwezi wa sita, maghala ya Bungoma yakiwa matupu na watu wameanza kuhangaika kutafuta mahindi. Hapo auze. Njia hiyo ilinisomesha mimi, ikawasomesha na ndugu zangu, na Baba aliiamini karibu sawa na Zaburi.

Mwaka huo ghala lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, na mahindi yale yote yalikuwa na jina: mashine. Baba alikuwa amechoka kuuza mahindi, alitaka kuuza unga. Alikuwa ameshajenga kibanda cha kinu cha kusagia karibu na lango letu, sakafu ya saruji, boliti nne zimesimama tayari kushika miguu ya mashine. Mashine yenyewe ilikuwa kwenye duka la vifaa mjini, na kila Jumamosi Baba alivaa koti akaenda kuitazama. Hakuigusa. Aliitazama tu, akamsalimia mwenye duka, akarudi. Mama alimtania kwamba anaposa.

Sasa turudi kwenye gorogoro, maana hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Mama mboga yeyote wa upande wetu atakwambia kwamba bei ya gorogoro haiguswi ovyo. Ukiipandisha, wateja watakutukana. Ukiishusha, wenzako mliopanga mstari mmoja watakutukana zaidi. Kwa hivyo bei inakaa palepale mwezi baada ya mwezi, na kinachotembea ni mahindi. Mahindi yakiwa haba, muuzaji anapitisha kiganja juu ya mkebe na kuusawazisha, hupati punje ya ziada hata ulie. Mahindi yakianza kupatikana, anaacha kilele kidogo. Yakiwa mengi, kilele kinasimama kama kichuguu. Yakiwa mengi kabisa, anamaliza kilele, anakumiminia mfukoni, kisha anachota konzi moja ya mkono na kuiongeza, na pengine ya pili, huku akikuuliza watoto hawajambo.

Nilikulia ndani ya mambo hayo na sikuwahi kuyafikiria. Bei ni bei, kilele ni kilele. Ilikuwa mwezi wa pili wa mwaka, pale Bungoma, nilipoyaona kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na mama mmoja niliyemhoji kila mwezi, mnene, mcheshi, akiuzia karibu na mahali bodaboda za baiskeli zilipoegeshwa. Alinijua kwa mbali.

"Kalibu madam," akasema. "Leo tena? Bei ni ire ire."

Nikaandika ile ile. Wakati naandika, akampimia mteja. Mwezi wa kumi na mbili huyu mama alikuwa anaacha kilele kidogo tu, mimi mwenyewe nilimwona. Sasa alikuwa amesimamisha kilele kirefu, na juu yake akatupia konzi nzima.

"Mama, mbona unaongeza hivyo?"

"Mahindi si iko mingi? Yanatoka Rwakhakha kila siku. Nisipoongeza, huyu ataenda kwa yule." Akaionyesha fomu yangu kwa kidevu. "Kwani bosi yako hakurangi ugari?"

Nilisimama pale kalamu mkononi. Mwezi wa pili ndio mwezi ambao mahindi huanza kuadimika, na hapa yalikuwa yanamwagwa kama ya bure. Bei ilikuwa imeanguka mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nimetoka kuandika kwamba haijatingishika.

Lwakhakha hali ilikuwa hiyo hiyo, ila vilele vyake vilikuwa virefu zaidi. Hata wafanyabiashara wa Cheptais, ambao kwa kawaida hushuka kuuza mahindi yao ya mlimani, niliwakuta wakiyarudisha juu na magunia yao kwa kukosa wateja.

Nilimpigia daktari simu kutoka kibanda cha simu, maana ya mkononi haikuwa na pesa. Nilimweleza kilele, konzi, kila kitu. Akanisikiliza bila kunikatiza, na hilo ndilo lililoniudhi baadaye, kwamba alinisikiliza vizuri kabisa.

"Dada, hiyo ni pointi nzuri sana," akasema. "Lakini uzito wa gorogoro tuliupima mwanzoni. Tukianza kubadilisha kipimo katikati, kitu kikibadilika hatutajua ni soko limebadilika au ni sisi."

"Basi nipe mizani nipime kila mwezi."

"Wauzaji wataogopa. Watadhani wewe ni mtu wa vipimo wa serikali, na wote watasawazisha siku hiyo."

Kibaya ni kwamba alikuwa sahihi. Wangesawazisha. Mwishoni akaniambia chini ya fomu kuna nafasi ya maoni, niandike huko chochote ninachokiona.

Niliandika. Mungu ni shahidi, niliandika. "Kilele kimepanda." "Kilele na konzi moja." "Kilele na konzi mbili, mahindi kutoka ng'ambo." Mwezi wa tatu nilichora kabisa picha ya mkebe na kichuguu chake. Siku moja nikamuuliza kijana wa ofisini aliyeingiza fomu zetu kwenye kompyuta kama maoni yangu yanamfikia daktari. Akaniambia programu haina mahali pa maoni. Inapokea namba tu. Alinijibu bila ubaya wowote, akanipa na chai.

Baba sikumngojesha; nilikuwa nimemwambia siku ile ile niliyorudi kutoka Lwakhakha. Nilimkuta ghalani akipitisha mkono kwenye magunia. Nikamwambia mahindi ya Uganda yameingia mapema, auze sasa, hata wiki hii, mwaka huu mwezi wa sita hautakuwa mwezi wa sita tunaoujua. Akanijibu kwamba ameshasikia. Madalali walikuwa wamekuja wiki iliyopita wakatoa bei ya matusi, na wao pia walisingizia Uganda.

"Dalali ni mwongo," akasema. "Kila mwaka ako na kisingizio. Juzi ilikuwa barabara, leo ni Uganda."

Hata kwa hilo hakukosea. Madalali walikuwa waongo. Tatizo ni kwamba mwaka ule, kwa bahati mbaya, walikuwa wanasema kweli.

Mwezi wa nne daktari akaja Kitale kuwarudishia wakulima matokeo ya awali. Wasomi wengi huchukua majibu ya watu wakatokomea nayo. Yeye alirudi, na kwa hilo nampa heshima yake. Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Wazee walikuja na suti za Jumapili. Baba alikaa mstari wa mbele, kofia magotini, na nilijua kwa jinsi alivyonyoosha shingo kwamba hakuja kwa ajili ya mahindi tu. Alikuja kuona kazi ya binti yake.

Daktari akabandika karatasi kubwa ukutani. Mistari mitatu, kila soko na rangi yake, yote imelala kama imenyooshwa kwa pasi. Akaeleza polepole, kwa Kiswahili safi, kwamba watu wengi waliogopa bei ingeanguka baada ya mpaka kulegezwa, lakini kufikia sasa utafiti hauoni athari hiyo kwenye masoko ya mahindi.

Baba akasimama. "Kwa hivyo daktari, bei haijaanguka."

"Kwa data tuliyo nayo mpaka sasa, mzee, hatuoni kwamba imeanguka."

Mwaka wa kwanza wa chuo nilifundishwa kwamba kutoona athari si sawa na athari kutokuwepo. Daktari alilijua hilo kuliko mimi na alichagua maneno yake kwa uangalifu. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye mahindi ghalani, na hakuna aliyesikia "hatuoni." Walisikia "hapana." Kulipita mnong'ono wa furaha, mzee mmoja akapiga makofi.

Nilinyanyua mkono nikiwa pale nyuma kwenye meza ya vikombe. Nikasema gorogoro imebadilika, nikasema mahindi yanaongezwa juu, bei kwa kilo si ile tena. Nilikuwa naongea haraka na kwa hasira, na mwanamke akiongea hivyo ukumbini watu hutazama viatu vyao. Daktari akaniokoa, au akanizika, sijui niseme vipi.

"Mwenzetu analeta maoni muhimu kutoka uwandani," akasema, "na tutayafanyia kazi katika awamu inayofuata."

Kisha mtu akasema chai iko tayari.

Nyumbani tulichanganya Kikuyu na Kiswahili, na Baba alipotaka jambo liwe rasmi alihamia Kiswahili chote. Jioni ile, kabla hata ya kuvua koti, alihamia. Mimi nina jina la mama yake mzazi, kwa hivyo huniita mama, na siku hiyo aliniita hivyo kwa fahari ambayo ilinifanya nitamani kulia.

"Mama, zile namba za ukutani ni za nani?"

"Ni zangu, Baba, lakini..."

"Uliandika ukiwa umelala?"

"Hapana."

"Kuna mtu alikudanganya bei?"

"Hakuna. Bei ni hiyo. Shida ni kilele."

"Namba ni zako, daktari wa yunivasiti amezikubali, zimewekwa ukuta wa kanisa watu wote wakaona. Sasa wewe mwenyewe unanikataza nisiziamini?"

Niliingia jikoni nikarudi na gorogoro na beseni la mahindi, nikaviweka mezani mbele yake. Nikajaza mkebe, nikaacha kilele kidogo. "Hii ni Krismasi," nikamwambia. Nikamimina, nikajaza tena, nikasimamisha kilele, nikatupia konzi, nikatupia na nyingine mpaka punje zikatiririka juu ya kitambaa cha meza na kudundadunda sakafuni. "Na hii ni sasa. Pesa ni ile ile, Baba. Pesa ni ile ile!"

Aliuinua ule mkebe, akaupima uzito kwa mkono. Nikadhani nimempata.

"Hiyo ni ukarimu," akasema. "Watu wa Bungoma ni wakarimu sana. Hata sisi tukija huku walitupa mbegu."

Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Mama, aliyekuwa amekaa akichambua maharagwe, akainuka na kuanza kuokota punje zake sakafuni. Akiwa bado ameinama akasema, "Uza nusu." Alisema mara moja tu. Mama si mtu wa kurudia maneno. Baba akajibu kwamba nusu ya mahindi ni nusu ya mashine, na hajaona mtu anasaga na nusu ya mashine.

Kwa hivyo tulisubiri mwezi wa sita.

Mwezi wa sita ulikuja kama miezi mingine. Ng'ombe alizaa. Mvua ilinyesha vizuri. Madalali walikuja na lori, wakataja bei iliyokuwa chini ya ile ya matusi. Baba akaingia ndani, akatoka na ile karatasi ndogo waliyogawiwa mkutanoni, yenye mistari mitatu iliyolala, akamwonyesha dalali kwa kidole. Dalali aliisoma yote, kwa adabu kabisa, akamrudishia.

"Basi mzee," akasema, "nenda umuuzie huyo aliyeiandika."

Baba akamfukuza. Wiki chache baadaye fukusi walikuwa wameingia magunia ya nyuma. Ukiweka sikio ungewasikia wakitafuna. Uganda nako walianza kuvuna msimu wao mpya. Baba akamtuma mtu akamwite yule yule dalali, na siku lori lilipopakia hakutoka nje. Nilisimamia mimi, na wapakizi walikuwa wananiambia pole kana kwamba tuna msiba. Jumamosi iliyofuata hakuvaa koti. Mashine ilinunuliwa na mtu wa upande wa Kiminini, na boliti zetu zilianza kushika kutu, kuku wakalala katikati yake.

Nilitaka kuacha kazi ile. Nilimwandikia daktari barua kali nikaichana, nikaandika nyingine. Lakini mshahara wangu ulikuwa ndio pesa pekee iliyoingia boma letu mwezi huo, kwa hivyo nilichukua fomu zangu nikaenda zangu kuuliza gorogoro ni pesa ngapi. Hakuna jambo lililowahi kunikera kama hilo, kwamba nilihitaji kuendelea.

Yale magunia yaliyobaki, ambayo dalali aliyakataa, Mama aliyapepeta, akayaanika, akaondoa yaliyotobolewa, akaanza kuyabeba sokoni Kitale kuyauza mwenyewe. Mama hakuwahi kukaa sokoni maisha yake yote. Alikuwa mke wa mkulima wa magunia. Sasa alikaa juu ya kigoda mwishoni mwa mstari, ambako wageni huwekwa, leso imefungwa kiunoni na mkebe mbele yake.

Utaratibu wa daktari wa kuchagua wauzaji haukujali nani ni mama wa nani. Unaanza langoni, unahesabu, unaruka, unasimama pale hesabu inapokusimamisha. Siku ile ilinisimamisha mbele ya kigoda chake. Ningeweza kumruka. Lakini kumruka kungekuwa kuharibu data, na upumbavu wangu ni kwamba bado niliiheshimu data.

Alikuwa na mteja. Alijaza gorogoro, kisha akauzungushia mdomo wa mkebe mkono wake wa kushoto kama ukuta, ili kilele kiweze kupanda zaidi bila kumwagika. Sijui alijifunzia wapi. Akamimina ndani ya mfuko wa yule mteja. Akachota konzi. Akatazama jirani yake alivyokuwa akifanya, akachota ya pili. Mteja hakushukuru, akaushika mfuko wazi, akisubiri. Mama akachota ya tatu.

Nikachuchumaa mbele yake na fomu yangu gotini.

"Gorogoro ya mahindi ni pesa ngapi leo?"

Mama alinitazama, akapangusa vumbi la mahindi kwenye leso.

"Ni ile ile," akasema. "Andika. Umwambie daktari wako haijabadilika."

Nikaandika.